Beta-laktamasi

Beta-laktamasi ni kundi la vimeng'enya vinavyotengenezwa na bakteria ambavyo huvunja penisilini na dawa za jamii yake kabla hazijamdhuru bakteria mwenyewe. Kwa bakteria kama Escherichia coli na Klebsiella pneumoniae, vimeng'enya hivi ndivyo sababu kuu ya dawa hizo kushindwa kutibu.

Dawa zinazohusika ni penisilini yenyewe, ampisilini, amoksilini, sefalosporini (kwa mfano seftriaksoni) na karbapenemu (kwa mfano meropenemu). Kwa pamoja huitwa antibiotiki za beta-laktamu, na hakuna jamii nyingine ya antibiotiki (au viuavijasumu) inayotumika zaidi duniani.

Bakteria wengi walio na kimeng'enya cha aina hii hawakukibuni wenyewe. Walipokea jeni yake ikiwa tayari imekamilika kutoka kwa bakteria mwingine, ambaye mara nyingi ni wa spishi tofauti kabisa. Kwa sababu hiyo usugu unaweza kuenea upesi kuliko unavyoweza kuenea kwa kuzaliana tu.

Watu wengi husema mgonjwa asiyepona "mwili wake umezoea dawa". Usemi huo unapotosha. Anayekuwa sugu ni bakteria, si mtu, na mtu ambaye hajawahi kumeza antibiotiki hata mara moja anaweza kuambukizwa bakteria aliyekwisha kuwa na kimeng'enya.

Jinsi kimeng'enya kinavyofanya kazi

Karibu bakteria wote wamezungukwa na ukuta wa seli. Ukuta huo ni kama wavu uliofumwa kwa nyuzi za sukari zilizofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya protini. Kazi ya kuzifunga nyuzi hufanywa na vimeng'enya maalumu vya ujenzi. Bakteria anapokua hana budi kufungua na kufunga wavu huo kila wakati, na akishindwa kuufunga hupasuka kwa shinikizo la maji yaliyo ndani yake.

Penisilini ina umbo linalofanana na ncha ya kile kipande cha protini kinachofungwa. Kimeng'enya cha ujenzi huishika kwa kudhani ni malighafi yake, kisha hunasa nayo na hakiwezi tena kufanya kazi. Sehemu ya dawa inayonasa ni pete ndogo ya atomi nne, tatu za kaboni na moja ya nitrojeni, iitwayo pete ya beta-laktamu. Ndipo lilipotoka jina la dawa hizi na la kimeng'enya kinachozivunja.

Beta-laktamasi nayo huishika dawa hiyohiyo, lakini haibaki imenasa. Hutumia molekuli ya maji kuikata pete, kisha huiachia dawa ikiwa imeharibika na kushika nyingine. Beta-laktamasi iitwayo TEM-1 inaweza kuharibu takriban molekuli 1,000 za penisilini kwa sekunde moja.

Kufanana huko na vimeng'enya vya ujenzi si kwa bahati. Maumbo yao yanaonyesha kwamba beta-laktamasi nyingi zilitokana na vimeng'enya vya ujenzi wa ukuta vilivyobadilika polepole mpaka vikaweza kujinasua. Zipo pia nyingine zenye asili tofauti, ambazo hutumia atomi za zinki kukata pete. Mwaka 1980 mtaalamu R. P. Ambler alianza kuzigawa kwa kufuata mpangilio wa asidi amino zake, na mgawanyo huo umekuwa na makundi manne: A, B, C na D. Kundi B ndilo la zinki. Leo beta-laktamasi zinazojulikana ni maelfu.

Kwa bakteria wenye utando wa nje, kama E. coli, kimeng'enya hukaa katika nafasi iliyo kati ya tando mbili na kuisubiri dawa pale inapoingilia. Staphylococcus aureus hana utando wa nje, kwa hiyo kimeng'enya chake kingi hutoka nje ya seli. Matokeo yake ni kwamba bakteria mmoja mwenye kimeng'enya anaweza kuwakinga majirani wasio nacho. Koo likiwa na bakteria wa namna hiyo wasio na madhara, penisilini inaweza kuharibiwa kabla ya kumfikia yule anayeleta ugonjwa.

Kugunduliwa kwake

Kimeng'enya kilijulikana kabla dawa haijaanza kutumika kwa wagonjwa kwa namna ya kuaminika. Alexander Fleming aliona athari ya penisilini mwaka 1928 mjini London, lakini dawa haikusafishwa vya kutosha mpaka kikundi cha Howard Florey na Ernst Chain kilipoishughulikia huko Oxford. Mwishoni mwa mwaka 1940, Edward Abraham na Chain walitangaza kwamba wamepata katika bakteria wa kundi la E. coli kimeng'enya kinachoharibu penisilini. Wakakiita penisilinasi. Mgonjwa wa kwanza wa Oxford kutibiwa kwa penisilini, askari polisi mmoja, alichomwa sindano yake ya kwanza Februari 1941.

Wakati huo jambo hilo halikuonekana kuwa tishio kubwa, kwa kuwa penisilini ilikusudiwa hasa dhidi ya Staphylococcus na Streptococcus. Hali ilibadilika haraka. Katika Hospitali ya Hammersmith mjini London, Mary Barber alipima Staphylococcus aureus waliotoka kwa wagonjwa. Mwaka 1946 wasiodhurika na penisilini walikuwa asilimia 14, mwaka uliofuata asilimia 38, na mwaka 1948 asilimia 59. Barber alionyesha kwamba bakteria waliokwisha kuwa na penisilinasi ndio walioenea wodini, huku wenzao wasio nayo wakiuawa na dawa. Hawakuwa wale wa zamani walioizoea dawa.

Jeni ni za kale kuliko dawa

Penisilini yenyewe hutengenezwa na kuvu, na antibiotiki nyingine nyingi hutengenezwa na bakteria wa udongoni. Viumbe hao wameishi pamoja na bakteria wengine kwa muda mrefu mno, hivyo njia za kujikinga nazo ni za kale.

Ushahidi wa wazi ulichapishwa mwaka 2011. Watafiti walichimba udongo ulioganda kwa miaka 30,000 katika eneo la Yukon, Kanada, na kutafuta DNA ya bakteria iliyohifadhiwa humo. Walikuta jeni za usugu dhidi ya antibiotiki kadhaa, zikiwemo za beta-laktamu. Hakukuwa na hospitali wala duka la dawa wakati ule. Kilichofanywa na binadamu tangu miaka ya 1940 ni kuzipa jeni hizo faida kubwa ghafla, kwa kumwaga tani nyingi za antibiotiki katika miili ya watu, mifugo na maji.

Njia za kupata kimeng'enya

Njia ya kwanza ni mabadiliko katika jeni ambayo bakteria tayari anayo. E. coli akiwa na chakula cha kutosha na joto linalofaa hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa dogo katika kunakili DNA. Makosa mengi hayana faida. Mara chache kosa moja hubadilisha asidi amino moja mahali muhimu. Ndivyo ilivyotokea kwa kimeng'enya SHV-1, ambacho huvunja ampisilini lakini hakiziwezi sefalosporini mpya. Mwaka 1983 watafiti wa Ujerumani waliripoti bakteria wanaozivunja. Kimeng'enya chao, SHV-2, kinatofautiana na SHV-1 kwa asidi amino moja tu: glisini katika nafasi ya 238 imekuwa serini. Vimeng'enya vya aina hiyo huitwa beta-laktamasi za wigo mpana, kwa kifupi ESBL.

Dawa haisababishi kosa hilo ili bakteria ajiokoe. Majaribio ya Salvador Luria na Max Delbrück mwaka 1943, na ya Joshua na Esther Lederberg mwaka 1952, yalionyesha kwamba mabadiliko hutokea bila mpango, hata kabla bakteria hajakutana na kile kinachomuua. Dawa huja baadaye na kuchagua: inaua wasio nayo, na walio nayo wanabaki na nafasi yote.

Njia ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito zaidi katika hospitali, ni kupokea jeni kutoka nje. Hutokea kwa namna tatu zinazojulikana sana.

Transfomesheni ni bakteria kuokota DNA iliyoachwa na bakteria aliyekufa. Frederick Griffith aliiona mwaka 1928 kwa bakteria wa nimonia, na mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake walithibitisha kwamba kinachookotwa ni DNA. Transdaksheni hufanywa na faji, yaani virusi vya bakteria. Kirusi kinapojipakia ndani ya seli inayokufa huweza kubeba kwa makosa kipande cha DNA ya bakteria na kukiingiza kwa bakteria mwingine. Staphylococcus aureus hupeana jeni nyingi kwa njia hii.

Konjugesheni ndiyo muhimu kuliko zote kwa beta-laktamasi. Bakteria wengi huwa na plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu na linalojinakili lenyewe. Baadhi ya plasmidi zina jeni za kutengeneza kiunganishi cha kumfikia bakteria wa jirani. Seli mbili zikigusana, nakala ya plasmidi huhamia kwa jirani huku ya kwanza ikibaki, kwa hiyo anayetoa hapotezi kitu. Aliyepokea naye anaweza kutoa.

Jambo hili lilifahamika vizuri kwanza nchini Japani, na si kwa beta-laktamu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na Shigella ulikuwa tatizo kubwa huko. Katikati ya miaka ya 1950 madaktari walianza kupata Shigella wasiodhurika na dawa nne kwa mpigo: salfonamidi, streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Makosa manne tofauti ya kunakili kutokea kwa pamoja katika seli moja ni jambo lisiloelekea kutokea. Jambo la ajabu zaidi lilikuwa kwamba E. coli waliomo utumboni mwa wagonjwa walewale walikuwa na usugu uleule. Mwaka 1959 Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai walionyesha kwamba E. coli hao wakichanganywa na Shigella wa kawaida humpa usugu wote kwa mara moja. Makala ya Tsutomu Watanabe ya mwaka 1963, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ndiyo iliyowafanya wanasayansi wa nchi nyingine waanze kulichukulia jambo hilo kwa uzito.

Jeni zinazoruka

Plasmidi pekee haielezi kila kitu, kwa sababu plasmidi nyingi haziwezi kuishi katika spishi zote. Kipo kipande kidogo zaidi cha DNA kiitwacho transposoni, chenye jeni ya kujihamisha. Transposoni huruka kutoka plasmidi moja hadi nyingine, au kutoka plasmidi hadi kromosomu, ikibeba jeni za usugu zilizomo ndani yake.

Mfano mzuri ni TEM-1. Naomi Datta na Polyxeni Kontomichalou waliieleza mwaka 1965 kutokana na E. coli aliyetoka kwa mgonjwa wa Athens, Ugiriki, na herufi tatu za jina la kimeng'enya zimetokana na jina la mgonjwa huyo. Jeni yake imo ndani ya transposoni, hivyo haikubaki kwa E. coli. Mwaka 1974 ilikuwa imefika kwa Haemophilus influenzae, mmoja wa bakteria waliokuwa wakileta homa ya uti wa mgongo kwa watoto. Mwaka 1976 ilipatikana kwa Neisseria gonorrhoeae, bakteria wa kisonono, kwa wagonjwa waliohusishwa na Asia ya Mashariki na Afrika Magharibi. Ndani ya miaka kumi na kitu jeni moja ilikuwa imevuka kutoka bakteria wa utumbo hadi wa njia ya hewa na wa zinaa.

CTX-M: kutoka majini hadi wodini

Kundi linaloongoza leo miongoni mwa ESBL ni CTX-M. Jina lilitokana na dawa sefotaksimu na mji wa Munich, ambako kimeng'enya cha kwanza cha jina hilo kilielezwa mwaka 1989. Asili yake inajulikana kuliko ya vimeng'enya vingine vingi: jeni za CTX-M zinalingana karibu kabisa na jeni zilizomo katika kromosomu ya Kluyvera, bakteria wa maji, udongo na majitaka ambaye ni nadra kumwugua mtu.

Katika Kluyvera jeni hiyo hufanya kazi kwa kiwango kidogo na wala haimpi usugu wa maana. Kilichotokea ni kwamba kipande kinachoruka, kiitwacho ISEcp1, kilitua karibu nayo. Kiliporuka tena kiliibeba hadi kwenye plasmidi. Zaidi ya hapo, mwisho wa kipande hicho una sehemu inayoamuru jeni iliyo mbele yake isomwe kwa nguvu. Kwa hiyo jeni ilipata usafiri na swichi ya kuwashia kwa tukio moja. Kunyakuliwa kwa namna hii kulitokea zaidi ya mara moja, ndiyo maana CTX-M zina matawi kadhaa.

Tawi lililoenea zaidi, CTX-M-15, liliripotiwa kwanza kutoka India, kwa bakteria waliokusanywa mwaka 1999. Kuenea kwake kulisaidiwa na ukoo mmoja wa E. coli uitwao ST131, ambao hukaa utumboni mwa watu wenye afya bila kuwaletea dalili na huleta maambukizi ya njia ya mkojo ukipata nafasi. Msafiri anaweza kuubeba kutoka bara moja hadi jingine bila kujua.

Afrika ya Mashariki

Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti wa mwaka 2001 na 2002 juu ya watoto wenye maambukizi ya damu ulikuta Klebsiella na E. coli wenye ESBL, ikiwemo CTX-M-15. Hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya kile kisa cha India. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba watoto walioambukizwa bakteria wenye ESBL walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko walioambukizwa bakteria wa jamii ileile wasio nayo. Mtoto mwenye maambukizi ya damu hupewa dawa kabla majibu ya maabara hayajatoka. Dawa hiyo ikiwa ni ile inayovunjwa, siku mbili au tatu za kusubiri majibu hupita bila tiba yoyote ya kweli.

Baadaye watafiti wa Mwanza walikuta CTX-M-15 katika E. coli wa koo mbalimbali, ST131 ukiongoza. Seftriaksoni hutumika sana hospitalini katika eneo hili kwa kuwa hutolewa kwa sindano mara moja kwa siku na hutibu magonjwa mengi. Matumizi hayohayo huwapa nafasi bakteria wenye CTX-M-15.

Wagonjwa wa namna hiyo hutibiwa kwa karbapenemu, ambazo ESBL haziwezi kuzivunja. Lakini vimeng'enya vinavyozivunja vipo pia. KPC, ya kundi A, iliripotiwa Marekani mwaka 2001. NDM-1, ya kundi la zinki, ilielezwa mwaka 2009 kutokana na mgonjwa wa Uswidi aliyekuwa amelazwa New Delhi. Jina lake lilitokana na mji huo, jambo lililolalamikiwa sana nchini India. Mwaka 2011 iliripotiwa kupatikana kwa Klebsiella pneumoniae waliokusanywa Nairobi kati ya 2007 na 2009. Maana yake ni kwamba kimeng'enya kilikuwa Kenya kabla hata hakijapewa jina. Mwaka huohuo 2011 jeni yake ilipatikana katika maji ya mitaani na ya bomba mjini New Delhi.

Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 yalisema kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019. Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi, ndiyo iliyoathirika zaidi kwa uwiano wa watu. Hesabu hiyo inahusu usugu wa kila aina, si beta-laktamasi peke yake. Nchini Tanzania tatizo lote kwa jumla huitwa usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA.

Kwa nini jeni hazipotei

Kubeba plasmidi kuna gharama, kwa kuwa bakteria hutumia nguvu kuinakili. Ingetarajiwa kwamba dawa ikiacha kutumika, wasio na plasmidi wangewashinda wenzao. Hutokea hivyo mara nyingine, lakini polepole. Plasmidi nyingi zina jeni mbili za kujilinda: moja hutengeneza sumu inayodumu, nyingine hutengeneza kizuizi cha sumu kisichodumu. Seli ikizaliwa bila plasmidi, kizuizi huisha kwanza na sumu iliyobaki huiua.

Pia jeni za usugu husafiri pamoja. Plasmidi yenye CTX-M-15 mara nyingi ina jeni za kuzuia jentamaisini na dawa nyingine. Kwa hiyo kutumia dawa isiyohusiana kabisa na penisilini kunaweza kuendelea kumpendelea bakteria mwenye beta-laktamasi.

Dawa za kuzuia kimeng'enya

Badala ya kutafuta antibiotiki mpya kila mara, wataalamu walitafuta kitu cha kukinasa kimeng'enya chenyewe. Katika miaka ya 1970 asidi klavulani ilipatikana kutoka kwa bakteria wa udongoni Streptomyces clavuligerus. Yenyewe haiui bakteria vizuri. Ina pete ya beta-laktamu, kimeng'enya huishika, na safari hii kimeng'enya ndicho kinachonasa. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1981 ikiwa imechanganywa na amoksilini, na mchanganyiko huo unapatikana hadi leo katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki.

Asidi klavulani huzizuia beta-laktamasi nyingi za kundi A, zikiwemo CTX-M, lakini haizuii za kundi C wala za zinki. Avibaktamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 pamoja na seftazidimu, huzuia za kundi A, ikiwemo KPC, za kundi C na baadhi ya za kundi D. NDM-1 haina kiungo ambacho avibaktamu hushikilia, kwa hiyo huendelea kuivunja seftazidimu kana kwamba avibaktamu haipo.

Utambuzi katika maabara

Uwepo wa beta-laktamasi unaweza kuonekana kwa macho. Nitrosefini ni sefalosporini ya rangi ya manjano inayogeuka nyekundu pete yake ikikatwa, na kwa bakteria wengi jibu hupatikana kwa dakika chache. Kwa ESBL hutumika sahani ya kuoteshea bakteria. Kidonge chembamba cha karatasi chenye sefalosporini huwekwa karibu na kingine chenye asidi klavulani. Bakteria mwenye ESBL huota karibu na sefalosporini pande zote, isipokuwa upande unaoelekea asidi klavulani, ambako huachwa eneo tupu. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya gharama, ila kinahitaji sampuli ichukuliwe kabla mgonjwa hajaanza dawa, na bakteria apewe usiku mzima wa kuota.